Vidonge vya Kutuliza: Jinsi Tulivyomsindikiza Mwenzetu

(Mazungumzo ya Kamati ya Mfuko wa Jamii, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kilele cha maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi)

  

Habari za hisa, riba na mikopo Mweka Hazina amekwisha kuzisoma, na hesabu zake zimo humu kitabuni. Sisi tumepewa dakika ishirini, na Mwenyekiti ametuomba tuzungumzie jambo ambalo kwa miaka saba ya kwanza halikuwahi kutajwa kikaoni hata siku moja. Ni habari ya vidonge vya kutuliza, vile ambavyo wengi wetu tunaviita vya usingizi, na namna mtu anavyoweza kuviacha bila kuumia. Mwanachama ambaye safari yake tutaieleza ametupa ruhusa. Yumo humu ukumbini, na tunaomba msianze kugeuza shingo kumtafuta.

Kwanza tuelewane ni dawa gani. Si bangi, si gongo, wala si unga. Ni dawa halali za hospitali: diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, na ndugu zake lorazepamu, alprazolamu na klonazepamu. Ya kwanza katika ukoo huu, Librium, ilianza kuuzwa mwaka 1960, na Valium ikafuata mwaka 1963. Katika miaka ya 1970 hakukuwa na dawa iliyoandikwa sana na madaktari wa Marekani kuliko Valium, na walioandikiwa wengi walikuwa wanawake. Mama akilalamika uchovu, watoto, mume, upweke, jibu lilikuwa kidonge. Hapo hatuoni tofauti kubwa na kwetu.

Dawa yenyewe si adui. Mtoto akishikwa na degedege, diazepamu humwokoa. Hutumika kabla ya upasuaji, na kumsaidia mtu anayeacha pombe. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Shida ni muda. Tangu mwaka 1988 madaktari wa Uingereza walishauriwa rasmi kwamba dawa za jamii hii zitolewe kwa wiki mbili hadi nne tu, basi. Jamani, nani kati yetu aliwahi kuambiwa hivyo pale dirishani?

Kwetu huingia hivi. Umefiwa, hulali. Daktari anakuandikia vidonge vya siku kumi, na siku hizo kumi unalala kama mtoto mchanga. Vikiisha, unakwenda duka la dawa na kile cheti cha zamani, kimekunjwa mpaka kimechanika. Muuzaji anakufahamu, anakuhesabia. Mwaka unapita, wa pili unapita. Sasa hata usingizi wenyewe si ule, lakini ukikosa kidonge usiku mmoja hukaliki. Ndipo unajiambia, kumbe mimi ni mgonjwa kweli, siwezi bila dawa. Unaongeza.

Muuguzi wa afya ya akili aliyekuja kutusemesha alitoa mfano ambao hatujausahau. Alisema ubongo una uwezo wake wa kujituliza. Ukiletewa msaidizi kila siku, unamwachia kazi. Ni kama nyumba yenye dada wa kazi anayepika, anayefua, anayechota maji: binti wa humo hawajui hata chumvi inakaa wapi. Dada akiondoka alfajiri bila kuaga, siku hiyo nyumba haikaliki. Lakini akianza kuachia kazi moja moja, leo vyombo, mwezi ujao jiko, binti wanajifunza na nyumba inakwenda.

Mwenzetu aliondokewa na dada alfajiri. Kwa miaka sita alikuwa akimeza diazepamu miligramu 5 asubuhi na miligramu 10 usiku. Ndugu zake walimwambia vidonge ni udhaifu wa imani, akaapa, akavimwaga chooni vyote siku moja. Diazepamu hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo alijiona ameshinda. Kisha usingizi ukakimbia. Mikono ikatetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, masikio kulia kama nzi amenaswa humo, mwanga wa jua kumchoma macho, ngozi kama inatembelewa na siafu. Siku ya nane akaanguka gengeni kwake kwa kifafa, yeye ambaye maisha yake hakuwahi kuwa nacho. Majirani wakasema mashetani. Shemeji akaenda kutafuta kuku mweusi. Bahati yake, binti yake wa kidato cha tatu alikumbuka vile vidonge na akamtajia mganga wa zamu hospitalini. Mtoto yule tunamshukuru mpaka leo.

Hospitali walimrudishia dawa, hali ikatulia, kisha wakampangia kuipunguza polepole. Ndipo kikundi kilipoingia, na tusifiche, hakikuingia kwa sauti moja.

Katiba yetu inasema Mfuko wa Jamii ni kwa msiba, ugonjwa na maafa kama moto au mafuriko. Wenzetu tisa walisimama kidete kwamba hii si ugonjwa, ni ulevi wa dukani, na tukianza kulipia ulevi kesho tutamlipia mlevi wa mnazi. Hoja yao ilikuwa na uzito, maana fedha ni za jasho la watu. Waliounga mkono walijibu kwamba mama huyu hakuanza kwa starehe, alianza kwa karatasi ya daktari, na dawa iliyoandikwa ikikuumiza hayo ni maradhi kama mengine. Tulibishana hadi magharibi. Kura zikapigwa: 16 ndiyo, 9 hapana, 3 wakanyamaza. Katibu akaandika daftarini neno moja, "ugonjwa". Mwenzetu alituambia baadaye kwamba neno lile lilimfaa kuliko fedha.

Fedha zenyewe hazikuwa nyingi. Ilikuwa nauli ya kwenda kliniki kila wiki mbili, na ruhusa ya kununua hisa moja tu kwa wiki badala ya tatu, na rejesho lake kusogezwa miezi minne bila faini. Kilichotumika zaidi ni watu.

Kwa mfano funguo. Sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu, ili mmoja asishindwe na tamaa peke yake. Mwenzetu mwenyewe ndiye aliyesema, "Vidonge vyangu navyo vitafutieni kufuli." Daktari akakubali apewe dozi za wiki moja moja, dada yake akawa anazitunza na kumpa za siku. Hakunyang'anywa dawa, hilo tulisisitiza. Aliamua yeye, na angeweza kulibadili siku yoyote. Kumdhibiti mtu mzima kama mtoto ni njia ya haraka ya kumrudisha dukani kwa siri.

Kupunguza kulikwenda hivi: miligramu 1 kila wiki mbili mpaka akafika miligramu 5, halafu nusu miligramu kila wiki tatu. Vidonge vya miligramu 2 havikupatikana mtaani kwetu, ikabidi vifuatwe mjini, na mfamasia ndiye aliyevikata. Mama yake alipofariki walisimama palepale kwa wiki nane, hawakupanda wala kushuka. Kwa jumla ilichukua mwaka na mwezi mmoja na kitu. Wapo watakaosema ni muda mrefu mno kwa kidonge kidogo vile. Mwongozo uliotolewa na madaktari wa Marekani mwaka 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki mbili hadi nne, kwa hiyo alikuwa kwenye mwendo unaokubalika. Mwendo wa kila mtu hupangwa na daktari wake, na mtu asichukue namba hizi akajipimia nyumbani.

Usiku ndio ulikuwa mgumu. Saa nane za usiku mawazo huja kama maji ya mvua. Tulipanga zamu ya watu wanne, kila mmoja na siku zake, simu wazi. Akipiga hatukumhubiria. Tuliongea bei ya nyanya, tuliongea mipango ya harusi ya jirani, mara nyingine tulinyamaza tu naye ananyamaza, mpaka hofu ipite. Ilikuwa inapita, kwa kawaida kabla ya nusu saa. Tulijifunza kutosema "jikaze", kwa sababu anajikaza kuliko sisi wote. Tulijifunza pia kutouliza kila tukimwona, "Sasa umebakiza vingapi?" Kuombeana tuliombeana, Waislamu na Wakristo, lakini hakuna aliyeruhusiwa kumwambia kwamba sala iko badala ya dozi.

Mambo kama haya hatukuyaanzisha sisi. Mwaka 1983 kipindi cha televisheni cha BBC kiitwacho That's Life! kilizungumzia vidonge hivi, na barua za watazamaji zikamiminika kwa maelfu. Wengi walikuwa wamekaa miaka wakidhani ni wao peke yao. Katika miaka hiyo vikundi vya kusaidiana vilichipuka miji mingi ya Uingereza, vingine vikianzishwa na wanawake waliokuwa wameacha wenyewe, wakikutana nyumbani na kupigiana simu usiku. Mjini Newcastle Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu vidonge hivi kuanzia mwaka 1982 hadi 1994, na alichojifunza kwa wagonjwa wake akakiandika katika mwongozo ambao ungali unatumika ingawa yeye alifariki mwaka 2019. Msimamo wake mkubwa ulikuwa kwamba mgonjwa ndiye ashike usukani wa mwendo. Muuguzi wetu aliposoma hayo mbele yetu, bibi mmoja wa mstari wa nyuma alisema, "Kumbe wazungu nao wana kibati cha usingizi." Tulicheka sana, lakini alikuwa amesema kweli.

Habari ilipoenea kikundini, wengine wanne walikuja kimyakimya kwa Mwenyekiti. Mmoja ni mzee wetu ambaye alikuwa ameanguka mara mbili usiku akienda msalani. Vidonge hivi huwalegeza wazee miguu, na mwendo wake wa kupunguza umekwisha kuanza. Mwingine anatumia klonazepamu kwa kifafa cha tangu utotoni. Huyo aliambiwa waziwazi: yako usiiguse, hiyo ndiyo kinga yako. Ndiyo maana hatutaki mtu atoke hapa leo akaenda kumwaga vidonge vya mama mkwe. Aliyemeza kila siku kwa zaidi ya wiki chache asiache ghafla, na mjamzito zaidi ya wote aanze kwa daktari. Anayevitumia asichanganye na pombe wala na dawa kali za maumivu kama tramado, kwa maana pamoja vinaweza kuzima pumzi. Na kama katika kupunguza mtu ataanguka kifafa, ataanza kuona visivyokuwapo, au atasema hataki tena kuishi, hapo zamu ya simu haitoshi. Ni hospitali saa hiyohiyo, na mtu wa kumshika mkono njiani.

Mwenzetu bado ana siku mbaya. Usingizi wake ni wa saa tano au sita, na masikio humlia akichoka. Gengeni amerudi, na rejesho lake la mwisho aliliweka mezani mwezi wa tatu. Kati ya wale tisa waliopiga kura ya hapana, wawili sasa wamo katika zamu ya usiku.

Sasa matangazo, halafu tunawaachia chakula. Kuanzia mwezi ujao, kila Jumatano ya kwanza baada ya kikao, muuguzi atakaa chumba cha nyuma cha ofisi ya kata kwa saa moja. Mwenye vidonge nyumbani aje na pakiti yake, hata kama imebaki karatasi tupu, ili ajue ni dawa gani na amekuwa nayo tangu lini. Hakuna daftari litakaloandikwa jina. Mume au mtoto mkubwa anakaribishwa kama mhusika anataka. Nauli ya kliniki itatoka Mfuko wa Jamii kwa utaratibu ule ule wa ugonjwa, na anayetaka kuingia katika zamu ya simu amwone Katibu pale mlangoni, bado tunahitaji watu watatu wa usiku wa Ijumaa.