Sarafu ya Katanga: Dhahabu au Shaba?

Mtu wa Kinkondja au wa kandokando ya Ziwa Kisale akifungua sanduku la marehemu babu yake akakuta sarafu ya faranga 5 ya Katanga ya mwaka 1961, yenye ndizi upande mmoja na upande wa pili msalaba wa shaba, ile fedha ya kale ya wazee wetu, asifanye haraka kuiuza. Sarafu hiyo ilipigwa kwa dhahabu na kwa shaba pia, kwa sura ile ile, na shaba iliyopakwa dhahabu huyahadaa macho. Tazameni ukingoni, pale vidole vinaposhika: rangi ya kupaka huchujuka hapo kwanza, na wekundu wa shaba ukachungulia. Sumaku si shahidi, maana haivuti dhahabu wala shaba. Hakimu ni mizani: ya dhahabu ina uzito wa gramu 13.33, ilhali ya shaba ni takriban nusu yake. Nawasihi, msiisugue kwa mchanga wala kuitia asidi, kwani mikwaruzo huipunguzia thamani. Ipelekeni kwa sonara mwaminifu, naye aipime mbele ya macho yenu.