Kumpenda Mtu Mgumu

Jioni hii twapenda kusema nanyi juu ya jambo linalojulikana katika kila nyumba, nalo ni habari ya mtu mgumu. Hatusemi mwizi wala muuaji, maana hao wana askari wao na hakimu wao. Twasema yule jirani ambaye mbuzi wake huingia katika mahindi yako, nawe ukimwendea kwa upole akutukana. Yule shangazi asiyechoka kukukumbusha deni la miaka kumi. Yule mzee asiyeitikia salamu. Wazee walisema kwamba vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na hapa petu Mnyuzi vyombo ni vingi. Reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakafunguliwa kandokando yake. Basi wenyeji, yaani Wabondei, Wazigua na Wasambaa, wakaona wageni wakishuka na mizigo yao: Wanyamwezi, Wabena, Waha, Wamakonde, kila mmoja na lugha yake na desturi yake. Tena mwaka 1963 njia ya Ruvu ikaunganishwa na ya Tanga papa hapa.

Amri ya Bwana wetu ya kuwapenda adui imo katika Mathayo, mlango wa tano, na wanafunzi wengi waijua kwa moyo. Kuijua si kazi. Shida moja, twadhani, imo katika neno lenyewe. Katika Kiswahili twasema tunapenda wali, tunapenda ngoma, kisha kwa neno lilo hilo twaambiwa tumpende jirani. Basi mtu husema, “Moyo wangu haumtaki, nifanyeje?” Lakini mama anayeamka usiku wa manane kwa ajili ya mtoto anayelia hapendi kuamka. Anampenda mtoto, na kwa sababu hiyo anaamka. Upendo wa amri hii ni wa namna hiyo. Haungoji moyo uchangamke kwanza.

Hebu tutazame mtu mmoja aliyejaribiwa katika jambo hili kuliko sisi sote. Festo Kivengere alizaliwa Kigezi, katika nchi ya Uganda, na katika miaka ya 1940 alikuja Dodoma, wakati nchi yetu ilipoitwa Tanganyika, akafundisha shule. (Sisi walimu twaona fahari kidogo kumtaja kuwa mwenzetu.) Baadaye akarudi kwao, na mwaka 1972 akafanywa Askofu wa Kigezi. Idi Amin alikuwa amekwisha kuishika serikali tangu Januari 1971, na watu wengi walikuwa wakichukuliwa, wasionekane tena. Mwezi wa Februari 1977 maaskofu walimwandikia Amin barua, wakamwambia waziwazi juu ya mauaji yale. Tarehe 16 ya mwezi ule Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa, akauawa. Serikali ikatangaza kwamba alikufa katika ajali ya motokaa. Festo akaambiwa kwamba sasa zamu ni yake. Usiku akapanda milima kwa miguu pamoja na mkewe Mera, wakavuka hata Rwanda.

Mtu huyu aliokoka, lakini alitoka na chuki moyoni. Mwenyewe alieleza kwamba siku zile za Pasaka alikuwa London, ameketi kanisani, akitafakari jinsi Bwana alivyowaombea waliomsulubisha. Akajiuliza kama Amin angalikuwa miongoni mwa askari wale wenye nyundo, je, sala ile isingalimhusu yeye pia? Hapo akaona kwamba hana njia ya kupita kando. Mwaka ule ule akatoa kitabu ambacho jina lake liliwashtua wengi, maana maana yake ni “Nampenda Idi Amin”.

Wako waliokasirika, nasi hatuwalaumu. Wajane walikuwa wangali wanalia. Lakini angalieni vema: Festo hakusema kwamba Amin ni mwema, wala hakukoma kuyasema maovu yake, wala hakurudi kumpigia magoti. Barua ya Februari hakuitangua. Kumpenda mtu mgumu si kumwita mweupe naye ni mweusi wa matendo, na mtu aliyepigwa na mumewe asiambiwe na mwalimu wala padre kwamba upendo ni kukaa kimya apigwe tena. Alichokataa Festo ni kimoja tu, yaani kumtakia Amin maangamizi. Amin alipoondolewa mwaka 1979, Festo akarudi Kigezi, akatumika huko hata kufa kwake mwaka 1988.

Sasa turudi petu, maana Kampala ni mbali. Katika vijiji vyetu liko neno baya linalosemwa kwa sauti ya haki: asiyezika hazikwi. Fulani haji misibani, hatoi mchango, hashiki jembe. Basi siku atakapofiwa, na tukae nyumbani kwetu tuone. Mara nyingine kijiji kizima hukubaliana hivyo, na wanaokubaliana ni watu wa Jumapili, wenye vitabu vya nyimbo mikononi. Twaielewa hasira yao. Kazi ya msiba ni nzito, na mvivu akiachwa hivi hivi wengine watamfuata. Atozwe faini, aitwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, aambiwe usoni. Lakini maiti si mahali pa kudai deni. Anayeteswa na adhabu ile mara nyingi ni mjane na watoto, ambao hawakukosa lolote.

Tena babu zetu walituachia kitu chema kuliko hicho, nacho ni utani. Wanyamwezi na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Katika mashamba ya mkonge mtu alikufa mbali na kwao, hana mjomba wala dada, na mtani wake ndiye aliyekuja kuchimba kaburi, huku akimtukana marehemu kwa mzaha hata wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Mjukuu wa adui akamzika mjukuu wa adui! Nao wengi wao hawakuwa wamesikia Injili.

Huenda mtu akauliza kama, baada ya kuzika, ni lazima kuketi na kula pale matangani kwa mtu aliyekutukana. Sisi twadhani afadhali uketi, hata kwa muda mfupi. Kama maneno ni magumu, chukua ndoo ukateke maji, kwa kuwa siku kama ile maji huisha upesi, na anayeteka haulizwi habari nyingi.