Kiwanja Kwanza, Viatu Baadaye

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimepewa nafasi ya kusema habari za michezo ya vijana kabla Mtunza Hazina hajasoma hesabu zake. Aghalabu sehemu hii ya mkutano huwa ya kuhesabu mabao na kuwapongeza washindi. Leo naomba radhi, kwani nitasema kidogo sana juu ya mabao. Nitasema juu ya ardhi inayochezewa na kiatu kinachoikanyaga. Nafanya hivyo kwa sababu mwaka jana nilikosea, na kosa langu limekigharimu Chama fedha, na limemgharimu kijana wetu mmoja goti lake.

Mtakumbuka kwamba katika mkutano uliopita tulikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ililetwa na wazee, kwamba fedha za michezo zitumiwe kusawazisha kiwanja. Ya pili niliiandika mimi kwa mkono wangu, kwamba tununue njumu katika soko la mitumba la Busia, ili vijana wetu wa Malaba wasione haya mbele ya wenzao. Nilisema kwa maneno mengi, nanyi mkanikubalia. Njumu zikanunuliwa. Zilikuwa nzuri, za ngozi laini, na chini zilikuwa na meno marefu ya chuma. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza zilitengenezwa kwa ardhi ya namna gani.

Mchezo wa kwanza ulikuwa mwezi wa Februari. Ninyi mwajua ardhi yetu ilivyo wakati huo, kabla mvua za masika hazijaanza. Udongo mwekundu wa changarawe hukauka ukawa kama sakafu, na nyasi hubaki vichaka vichaka pembeni. Jino refu la njumu kazi yake ni kuzama ardhini, hata soli yote ilale chini na uzito wa mtu uenee. Juu ya changarawe kavu halizami. Mchezaji husimama juu ya ncha chache za chuma, kama mtu atembeaye juu ya mawe ya mtoni. Vijana wetu waliteleza tangu mwanzo, na mpira uliruka juu mno kila ulipodunda, hata pasi fupi zikawashinda. Katika kipindi cha pili kijana wetu mmoja aligeuka kwa ghafula kuufuata mpira. Meno ya kiatu yakanasa katika ufa, mguu ukabaki pale pale, na mwili ukazunguka. Kano za goti zikakatika. Baba yake ameketi hapa kati ya wazee. Mzee wangu, nimekwisha kuja nyumbani kwako kuomba msamaha, na sasa nauomba tena mbele ya watu wote.

Mchezo wa marudio ulikuwa mwezi wa Aprili, katika kiwanja cha bondeni, baada ya mvua ya siku mbili. Mara hii tulishinda. Meno marefu yalishika tope vizuri, na wenzetu, ambao wengine walivaa raba na wengine walikuwa pekupeku, walianguka kama watoto. Vijana wakaimba, wakasema njumu za Chama ni dawa. Mimi nami nilifurahi, mpaka nilipokwenda kuwasalimu walioshindwa. Nikamkuta mvulana ameketi chini ya mti, ameushika mguu wake mtupu uliokanyagwa na njumu zetu, na damu imechanganyika na tope. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kiatu kile kile kilituumiza sisi katika ukavu, na katika mvua kikawaumiza wengine.

Wazee kadhaa wameniambia: “Sisi tulicheza miguu mitupu, na mpira ulikuwa mpira.” Maneno hayo ni kweli, wala si ya kubezwa. Mwaka 1949 timu ya Nigeria ilizuru Uingereza, na wengi wao wakicheza pekupeku waliifunga timu ya Marine, karibu na Liverpool, mabao 5 kwa 2. Jirani zetu wa Uganda walikwenda huko mwaka 1956, na miongoni mwao wamo waliocheza bila viatu. India nayo, katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1948, ilicheza na Ufaransa huku wachezaji wake wengi wakiwa miguu mitupu. Walishindwa 2 kwa 1 tu, tena walikosa penalti mbili.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili. Mwaka 1952 Wahindi hao walikwenda Helsinki, katika nchi ya baridi, baadhi yao wakiwa bado pekupeku, wakafungwa na Yugoslavia mabao 10 kwa 1. Baada ya aibu hiyo chama chao cha mpira kiliamuru kwamba viatu ni lazima. Mguu mtupu una wepesi na unaujua mpira, walakini una ardhi yake na hewa yake.

Wajerumani walilifahamu jambo hili mapema. Katika fainali ya Kombe la Dunia, mjini Bern, tarehe 4 Julai 1954, mvua ilinyesha. Wahungaria, ambao wiki mbili kabla ya hapo waliwafunga Wajerumani hao 8 kwa 3, walitangulia kwa mabao mawili. Mshona viatu wa Wajerumani, Adi Dassler, alikuwa ametengeneza njumu ambazo meno yake yaweza kufunguliwa na kubadilishwa, mafupi kwa ukavu na marefu kwa tope. Wajerumani wakashinda 3 kwa 2. Sisemi kwamba viatu peke yake vilileta kombe. Nasema kwamba wao waliitazama ardhi kwanza, kisha wakachagua kiatu. Mimi nilichagua kiatu bila kuitazama ardhi. Wahenga walisema, ukitaka kuruka, agana na nyonga.

Siku hizi kanuni za mpira, katika kifungu cha nne, zinamlazimisha kila mchezaji kuvaa viatu, na zinakataza mtu kuvaa kitu cha hatari kwake au kwa mwenzake. Na hata kama kanuni isingesema hivyo, afya ingesema. Katika udongo wetu yamo mabuu ya safura, ambayo huingia kupitia ngozi ya mguu. Wamo funza. Zimo chupa zilizovunjika. Na katika udongo na samadi ya ng’ombe imo mbegu ya pepopunda, ambayo yaweza kumwua kijana kwa jeraha dogo la msumari. Kwa hiyo sisemi turudi kwenye miguu mitupu. Nasema tuvae kiatu kinachostahili mahali petu.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ufikiri mambo manne.

La kwanza, hoja ya wazee irudishwe, na fedha za michezo za mwaka huu zote ziende kiwanjani. Kiatu humfaa mtu mmoja, na mwaka wa pili kimetoboka. Kiwanja huwafaa watoto wa Wateso na wa Wakhayo pamoja, na wajukuu wao. Kiinuliwe kidogo katikati ili maji yateremke pembeni, na mfereji uchimbwe pande zote. Mawe na vigae viokotwe. Ukoka upandwe mvua za Machi zinapoanza, na ng’ombe wazuiwe mpaka ushike mizizi. Tena siku ambayo maji yamesimama kiwanjani, mchezo uahirishwe, kwa kuwa mchezo mmoja katika tope waweza kuharibu kazi ya miezi mingi.

La pili, zile njumu za meno marefu ziuzwe, na fedha yake inunue viatu vya soli ya mpira yenye meno mafupi na mengi. Hivyo ndivyo vinavyofaa ardhi kavu, kwani huueneza uzito, tena havinasi kwa urahisi.

La tatu, katika michezo yetu ya kirafiki, timu yoyote isiyo na viatu iazimwe raba kabla ya kuanza, na mwamuzi akague nyayo za pande zote mbili. Ushindi unaopatikana kwa kukanyaga mguu mtupu wa jirani hautuletei sifa.

La nne, vijana wapelekwe hospitali kuchanjwa pepopunda, na Chama kiwe na sanduku la dawa za jeraha.

Yule kijana wetu sasa anatembea, ingawa bado anachechemea. Juzi nilimwuliza kama ana neno angependa nilete mkutanoni. Akanijibu kwamba yeye hatacheza tena, lakini ana mdogo wake wa miaka kumi na mmoja ambaye kila jioni yuko kiwanjani, na jembe la kuchimbia mfereji analo nyumbani. Wazee wangu, Jumamosi ijayo asubuhi nitakuwa kiwanjani na jembe langu. Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo.