Gunia la makaa nyuma ya nyumba

  

Leo tuzungumze juu ya gunia la makaa. Wengine kati yetu, hasa watu wa Kivu, husema makala. Wengine husema mkaa. Na jiko lake lina majina mengi vilevile: mbabula, sigiri, imbabura. Mimi leo nitasema makaa na jiko, nawe utanielewa.

Kwa nini gunia? Kwa sababu ya mvua. Kusini-magharibi mwa Uganda mvua nyingi huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi hadi Mei, halafu tena kuanzia Septemba. Kule Kigoma huanza Oktoba au Novemba, na huenda hadi Aprili au Mei. Barabara ikiwa tope, makaa hupanda bei. Na mwenye pesa kidogo hununua kopo kwa kopo, ambako ndiko anakolipa zaidi. Kwa hiyo familia mbili tatu zikichanga pesa zikanunua gunia zima mapema, zimefanya vizuri. Naomba tu mgawane kwa ndoo, si kwa macho. Macho yameharibu ujirani mwingi.

Kila nchi ina kanuni zake kuhusu kuni na makaa, na kuna kambi ambako makaa hayaruhusiwi. Uliza kiongozi wa eneo lako kabla ya kununua. Ninayozungumza leo ni ya yule ambaye tayari ana gunia lake halali mlangoni, anajiuliza: nitaliweka wapi?

Wengi huliweka ndani. Nawaelewa. Nje kuna mvua, nje kuna mwizi. Lakini nyumba yenyewe ni chumba kimoja au viwili, watoto wanalala humo, paa ni shitingi au nyasi. Wengine huliegemeza ukutani nje, juu ya udongo mtupu, wakalifunika na kipande cha nailoni. Baada ya wiki mbili za mvua gunia limeoza chini na makaa yamenyonya maji kama sifongo.

Sikiliza sasa kinachofuata, maana hapo ndipo hatari ilipo. Makaa yaliyolowa hayawaki haraka. Kwanza moto unafanya kazi ya kukausha maji, ndipo uanze kupika maharage yako. Yanatoa moshi, yanapasuka, yanarusha cheche. Jioni mvua inanyesha, jiko halijashika, watoto wana njaa. Mama anafanya nini? Analiingiza jiko ndani. Chakula kinaiva usiku sana, baridi imeingia, jiko bado lina makaa mekundu mazuri yasiyo na moshi. Basi anaona aliache hapo lipashe chumba joto, na mlango ufungwe.

Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua. Yanatoa gesi ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Ukiivuta, inachukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea, usingizi mzito unakuja. Aliyelala hapati hata nafasi ya kujua kwamba anaumwa. Mama mjamzito, mtoto tumboni na mtoto mchanga wako katika hatari zaidi. Na usiniambie kwamba umeacha dirisha wazi kidogo. Nafasi hiyo haitoshi.

Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, fungua mlango wazi, mtoe nje kwenye hewa haraka, nawe usikae humo ndani. Kisha piga kelele kuomba msaada, apelekwe kituo cha afya hata kama amezinduka na anasema yuko salama. Waambie wahudumu kwamba kulikuwa na jiko la makaa ndani, ili wasidhani ni malaria.

Unaona sasa kwa nini natumia muda wa redio kusema juu ya gunia. Makaa yakikaa makavu nje, jiko litawaka nje, chini ya kibaraza, na litabaki nje.

Basi tulitengenezee mahali. Chagua sehemu iliyoinuka kidogo, hatua kadhaa kutoka ukuta wako na ukuta wa jirani, upande unaoweza kuuona ukiwa mlangoni. Usiende kuweka kwenye ile nafasi tupu kati ya maeneo ya nyumba. Najua inavutia, inaonekana haina mwenyewe. Lakini wapangaji wa kambi wanatakiwa kuacha mita 30 bila nyumba kila baada ya mita 300 za nyumba, ili moto ukitokea usiruke. Ukijaza magunia pale, umeujengea moto daraja.

Panga mawe au matofali, juu yake weka miti, upate kichanja kilichoinuka angalau shibiri moja kutoka ardhini. Maji ya mvua yapite chini, na hewa ipite pia. Mchwa hawali makaa, ila gunia wanalipenda, na miti ya kichanja wanaipenda zaidi. Kwa hiyo mawe ni bora kuliko magogo. Zungusha mfereji mdogo, maji yasitulie hapo. Simamisha magunia wima. Ukiwa nayo mengi, yasipite tabaka mbili, maana ya chini yatapondeka.

Juu weka kipande cha bati ukikipata, au shitingi iliyochakaa. Iliyochakaa, nimesema. Usivue ya paa la nyumba. Ifunge na kamba kwenye mawe kwa sababu ya upepo, na iwe na mteremko ili maji yashuke. Kosa ninaloliona kila mahali ni kulifunga gunia lote kwa plastiki kama mtoto kwenye kitenge, juu, chini, pembeni. Mchana jua linapiga, unyevu unapanda, usiku unageuka matone ndani ya plastiki na kurudi kwenye makaa. Acha pembeni pawe wazi kwa chini. Siku ya jua, funua kabisa.

Kama tayari yamelowa, usihuzunike, makaa hayaozi. Yamwage juu ya mkeka wa zamani au bati, yaanike siku mbili tatu za jua. Ila usiyakaushe usiku kando ya jiko ndani ya nyumba.

Sasa, mwizi. Swali hili hamliachi kuniuliza. Sina dawa kamili. Wengine hujenga kizimba cha miti chenye mlango na kufuli, wakakitumia familia nne kwa pamoja, na kila familia ikatia alama kwenye gunia lake. Naona hiyo ni njia nzuri, kwa sababu macho ya nyumba nne hulinda kuliko ya nyumba moja. Wengine huingiza ndani ndoo moja tu ya makaa makavu yasiyowashwa, ya siku mbili, ambayo haidhuru mtu, na yaliyobaki hukaa nje. Akija mwizi, hakukuti huna hata ya kupikia uji.

Wakati wa kuchukua makaa, watu wa Kakuma mnajua: gonga gunia na fimbo kwanza. Nge na nyoka hupenda mahali pakavu pa giza. Mtoto asitumwe kutia mkono.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Gunia linaweza kushika moto lenyewe. Makaa yaliyotoka kwenye tanuru leo bado yananyonya hewa, na yanapofanya hivyo yanajipasha joto. Yakishindiliwa kwenye gunia yangali mapya, joto halina pa kutokea, linaongezeka ndani hadi moto uanze. Hata makaa ya mawe, yale yanayochimbwa ardhini, yakirundikwa kwa wingi hujipasha joto kwa ndani. Makaa mapya yanatakiwa kutandazwa kwenye hewa siku nzima na usiku wake kabla ya kutiwa guniani. Mchomaji mwenye haraka ya soko hangoji.

Kwa hiyo unaponunua, tia mkono katikati ya gunia. Ukisikia uvuguvugu, liache. Kama umeshalipa, limwage kwenye udongo mtupu mbali na nyumba, likae mpaka kesho. Na ukiwa bado hapo sokoni, gonganisha vipande viwili. Vilivyoiva vizuri hulia kama vigae vya chungu. Vinavyotoa sauti nzito na vyenye rangi ya kahawia bado ni kuni nusu, vitakufukiza moshi. Chungulia na katikati, maana juu hupangwa vipande vinono na katikati hujazwa vumbi na mawe. Na kama unauziwa kwa kilo, makaa yaliyolowa yana maana ya kununua maji.

Lakini chanzo cha moto kilicho karibu zaidi ni sisi wenyewe, tunapobana matumizi. Chakula kimeiva, jiko bado lina makaa, unayazima ili uyatumie kesho. Kubana ni vizuri. Unayanyunyizia maji au unayafunika na majivu, yanaonekana meusi, unayarudisha guniani. Ndani ya kipande kimoja kimebaki cheche kama punje ya mtama, na usiku upepo unakuja. Weka makaa ya kuzima kwenye sufuria ya zamani yenye kifuniko, nje, juu ya udongo mtupu, na yasiingie guniani mpaka kesho yake uyashike kwa kiganja na kuyakuta baridi. Mafuta ya taa na petroli ya pikipiki visikae upande huo kabisa.

Gunia likianza kufuka, livute litoke kwenye mengine, lipasue, tandaza makaa na umwagie maji mengi au mchanga. Simama upande upepo unakotoka. Usiondoke kwa sababu tu moshi umekwisha.

Narudi kidogo kwenye baridi, kwa sababu najua kuna mama amejifungua wiki hii, na bibi ya mtoto anataka jiko liwekwe karibu na kitanda. Bibi, nia yako ni nzuri, tunakuheshimu. Mtoto mchanga hupata joto la kweli akilazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amevishwa kofia, na wote wawili wamefunikwa blanketi. Chini ya mkeka tandika maboksi ya karatasi ngumu, kwani baridi nyingi hutoka ardhini. Wakubwa wanaweza kuchemsha maji nje, wakayatia kwenye chupa imara, wakaifunga vizuri na kuizungushia nguo, wakaiweka miguuni. Chupa hiyo isimguse mtoto mchanga, itamwunguza.

Mwisho wa gunia hubaki chenga na vumbi jeusi. Usitupe. Changanya na udongo wa mfinyanzi kidogo, au na uji mzito wa unga wa muhogo, finyanga madonge ya ukubwa wa yai, anika kwenye jua hadi yakauke kabisa. Hayatoi moto mkali, ila yanawaka polepole, na kwa maharage ndiyo mazuri. Gesi yake ni ile ile, kwa hiyo nayo ni ya nje. Ukiyahifadhi kwenye kichanja, yaweke juu ya gunia, si chini, maana yakipondwa na uzito yanarudi kuwa chenga tena.