Kamera ya Zamani ya Filamu na Makosa Yake



Mtu aliyekubali kupiga picha za arusi amejitwika deni kubwa. Bibi arusi hatavikwa tena ile nguo, wala wazee waliotoka mbali hawataitwa tena kukaa katika mstari ule ule. Basi filamu ikirudi kutoka kwa msafishaji haina sura hata moja, maneno huwa mengi. Mwenye arusi humlaumu mpiga picha, mpiga picha humlaumu msafishaji, naye msafishaji huilaumu kamera. Lakini filamu yenyewe ni shahidi, na mtu ajuaye kuisoma ataonyeshwa kosa lilitokea wapi.

Kamera itakayotumiwa hapa kuwa mfano ni Pentax K1000 ya Japani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na kuachwa mwaka 1997. Wanafunzi wengi wa kazi ya picha walianzia kwa kamera hiyo, nayo ingali mikononi mwa watu hata leo kwa kuwa ni imara na haina mambo mengi. Nyuma ya lenzi yake mna kioo kilichowekwa mshazari, ambacho huitupa sura juu mpaka jicho la mpiga picha likaiona. Kidole kikibonyeza, kioo huinuka, na pazia la nguo lililo mbele ya filamu hufunguka kwa muda uliochaguliwa, kisha pazia hujifunga na kioo hushuka. Muda huo huwekwa kwa gurudumu la juu, tangu sekunde moja nzima mpaka sehemu ya 1000 ya sekunde. Pete iliyo katika lenzi nayo hulipanua au kulibana tundu la kuingizia nuru. Namba ndogo ni tundu kubwa, na namba kubwa ni tundu dogo, jambo ambalo huwachanganya wengi mwanzoni.

Kosa liharibulo picha nyingi hutokea kabla ya picha ya kwanza kupigwa. Filamu hutiwa upande wa kushoto, na ncha yake huchomekwa katika kigurudumu cha kulia. Mtu mwenye haraka huichomeka kidogo tu, akafunga mlango, akaanza kazi. Filamu ikichomoka, hubaki pale pale katika kopo lake, huku mkono wa kuvutia ukivutika vizuri, kioo kikilia vizuri, na namba za kuhesabia zikipanda mpaka 36. Namba hizo hazifai kutegemewa, maana huhesabu mkono uliovutwa, si filamu iliyokwenda. Yafaa kutegemea kifundo cha kushoto. Mlango ukiisha kufungwa, kifundo hicho kizungushwe polepole kwa upande wa mshale wake mpaka kikaze, ndipo mkono uvutwe. Kifundo kikigeuka chenyewe kila mkono uvutwapo, filamu inakwenda. Kikitulia, mlango ufunguliwe na ncha ichomekwe upya. Kipande kidogo cha filamu kitaharibika, lakini arusi itaokoka.

Sasa ushahidi wenyewe. Kandokando ya filamu iliyosafishwa huonekana namba ndogo na jina la filamu, zilizotiwa kiwandani kwa nuru. Ikiwa namba hizo zaonekana wazi, lakini katikati hamna sura yo yote, msafishaji hana hatia: filamu haikusogea, au pazia halikufunguka. Ikiwa hata namba hazipo, dawa ya kusafishia ndiyo yenye kosa, nayo kamera haihusiki. Na ikiwa filamu imekuwa nyeusi tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kingo zake, basi iliingiliwa na nuru, na mara nyingi ni mtu aliyeufungua mlango kabla ya filamu kurudishwa katika kopo.

Kipima nuru cha kamera hii hutumia betri moja ndogo ya mfano wa kifungo, ya volti 1.5. Hakina swichi ya kukizima. Huzimwa kwa kufunika lenzi, na asiyefunika huishiwa na betri upesi. Kabla ya yote, nguvu ya filamu, yaani namba 100, 200 au 400 iliyoandikwa juu ya kopo, iwekwe katika gurudumu la muda kwa kuinua ukingo wake na kuuzungusha. Ndipo mtu achungulie, aone kishale upande wa kulia. Kikiwa juu, nuru imezidi, na kikiwa chini, imepungua. Kishale kisiposogea kabisa, betri ibadilishwe kwanza, na pale inapokaa pasuguliwe ikiwa pana kutu ya kijani. Kikizidi kukataa, kamera haijafa. Pazia la K1000 halihitaji betri. Penye jua kali, tundu liwekwe namba 16 na muda ukaribiane na nguvu ya filamu: kwa filamu ya 100 ni sehemu ya 125 ya sekunde, kwa ile ya 400 ni sehemu ya 500. Mawingu mazito yakitanda, namba 5.6 yatosha.

Kipima nuru kizima nacho hudanganyika. Kazi yake ni kupima nuru ya mahali pote kwa jumla, wala hakijui ni nani anayepigwa picha. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, au mbele ya mbingu yenye kumetameta, ukuta na mbingu ndivyo vinavyokisukuma kishale, na uso hutoka giza tupu. Watu husema kamera ni mbovu, na sivyo. Mpiga picha na akaribie mpaka uso ujaze kitundu cha kuchungulia, aweke kishale katikati, kisha arudi nyuma na kupiga bila kubadili namba. Hatua hizo nne au tano za kwenda na kurudi zina faida kuliko lenzi ya bei kubwa.

Wengine hupata picha yenye upande mmoja mweusi. Hapa pana mambo mawili yasiyochanganywa. Ikiwa ilipigwa kwa taa ya umeme ya kamera, gurudumu lilikuwa limepita sehemu ya 60. Juu ya hapo pazia haliwi wazi lote kwa wakati mmoja, na taa humulika kipande tu. Hilo ni kosa la mtu. Lakini ikiwa ilipigwa mchana bila taa, kwa muda mfupi kama sehemu ya 1000, yamkini pazia moja limechoka na linachelewa. Jambo hili hujaribiwa kamera ikiwa tupu: mlango ufunguliwe, lenzi ielekezwe penye nuru nyingi, na mtu atazame nyuma wakati wa kubonyeza. Akiona nuru upande mmoja tu, kazi hiyo ni ya fundi. Anunuaye kamera kuukuu afanye hivyo kabla ya kutoa fedha.

Michirizi myekundu au ya rangi ya chungwa katika picha za rangi hutoka mlangoni. Katika mifereji ya mlango mna sponji nyeusi ya kuzuia nuru, nayo baada ya miaka mingi huoza ikawa kama lami. Iliyooza itolewe kwa kijiti na pamba yenye spiriti kidogo, na mpya ibandikwe. Pana sponji nyingine pale kioo kinapogonga juu, nayo ikinata kioo hubaki kimeinuka. Kioo hicho kisiguswe kwa kidole, maana rangi yake ya fedha iko usoni na hukwaruzika upesi. Wala mtu asitie mafuta ya cherehani ndani ya kamera. Mafuta hutambaa mpaka kwenye mabamba ya tundu la lenzi, yakanata, na picha zote zikapauka.

Penye unyevu kama Mombasa na Lamu, adui mkubwa ni ukungu uotao ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui. Mfuko wa ngozi hushika maji, basi kamera isilale humo miezi mingi.

Filamu ikiisha, mkono wa kuvutia hukataa. Usilazimishwe. Kitufe kilicho chini ya kamera kibonyezwe, na filamu irudishwe kwa kifundo cha kushoto mpaka kilegee. Mtu akiisha kulazimisha na filamu ikang'oka katika kopo, kifundo kitazunguka bure bila kuvuta kitu. Hapo mlango usifunguliwe. Kamera ipelekwe kwa msafishaji ikiwa imefungwa, naye aambiwe waziwazi kwamba filamu iko nje ya kopo, ili aitoe gizani.