Mahaba, Riziki na Ulimi wa Mwanamke



Mwaka 1936 mwanachuoni wa Oxford, C. S. Lewis, alichapisha kitabu ambamo alidai kwamba mahaba yanayotukuzwa katika fasihi yalizuka ghafla kusini mwa Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 11, katika nyimbo za washairi wa huko. Na tangu hapo hawakukosekana wa kutufundisha kwamba sisi wengine tulikuwa na ndoa, mahari na watoto, bali mahaba tuliletewa merikebuni pamoja na bidhaa za ng'ambo. Dai hili siwezi kuliacha lipite.

Tarehe zenyewe zinalikanusha. Ibn Hazm wa Qurtuba, faqihi mkali asiyemwonea haya mtu, aliandika kitabu chake cha mahaba, Tawq al-Hamama, yapata mwaka 1022, washairi wale hawajazaliwa. Na humo amezipanga alama za mahaba mlango kwa mlango, tangu jicho lisilobanduka kwa mpendwa, na kukesha, na kukonda, hata siri inayofichuka kwa wingi wa juhudi ya kuificha. Faqihi huyu anashuhudia kwamba alilelewa miongoni mwa wanawake, nao ndio waliomfunza Kurani, mashairi na hati. Tena, mwaka 1992 wanaanthropolojia Jankowiak na Fischer walipochungua habari za jamii 166, waliona ushahidi wa mahaba katika 147. Na kwa zile zilizosalia, walishuku kwamba waliopitiwa ni waandishi wa habari zake. Nami nasema kimya cha mgeni mwenye kalamu si hoja juu ya moyo wa mwenyeji.

Tofauti zipo, sizikatai. Mwaka 1967 mwanasosholojia William Kephart alitangaza majibu ya wanafunzi wa Marekani, aliowauliza kama wangefunga ndoa na mtu mwenye kila sifa waitakayo, ila hawampendi: wanaume waliokataa walikaribia thuluthi mbili, na wanawake robo tu. Wakatokea wa kuhukumu kwamba mwanamke kaumbwa na hesabu moyoni. Lakini swali lile lile liliporudiwa mwaka 1984, wanawake waliokataa walipita asilimia 80, sawasawa na wanaume. Maumbile hayageuki ndani ya kizazi kimoja! Kilichogeuka, kwa itikadi yangu, ni riziki: mwenye mshahara wake huweza kukataa, na asiye nao huolewa kwanza, mapenzi akayangoja nyuma ya mlango.

Marehemu shangazi yangu aliozwa mwana wa ami yake pasi na kushauriwa. Nilipomwuliza kama alimpenda, alinijibu, "Mwanangu, tangu niolewe, wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza," kisha akazungumza mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Ndiyo maana narejea daima kwa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyeutunga utendi wake mwaka 1858, mgonjwa na mjane, kuwa wosia kwa bintiye Mwana Hashima. Wasomaji wengi wa leo huona mle utii mtupu: mume akilala asiamshwe, apepewe, akandwe, atiwe manukato. Hukifunga kitabu mapema. Kwani yakiisha maagizo, mama huyu anajitaja mwenyewe: jinsi alivyoolewa na Bwana Mataka, shekhe wa Siyu, aliyempiga vita Sayyid Said, Sultani wa Unguja, jinsi walivyokaa kwa furaha na bashasha, pasi na ugomvi, na jinsi mume, mauti yalipomfikia, alivyomkariria radhi. Bwana Mataka alikuwa amekwisha kufa. Hapakuwa tena na mume wa kuridhishwa, wala nguo wala chakula cha kutazamiwa kwake. Na mwanamke wa heshima, naona, ilimbidi avae joho la mwusia ndipo aweze kuyasema mapenzi yake mbele ya watu. Mtu atanijibu kwamba radhi ile aliihesabia akhera. Naam, alikuwa mcha Mungu. Lakini furaha na bashasha hazimo katika hesabu ya akhera, naye amezitaja kabla ya radhi.