Kamera Moja, Kompyuta Nyingi: Kugawana Picha Ndani ya Mtandao wa Nyumbani



Mwaka 1991 watafiti wa Maabara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuwa wakichangia mtambo mmoja wa kahawa uliowekwa karibu na chumba kilichoitwa Trojan Room. Wenye ofisi za mbali walipanda na kushuka ngazi kuifuata kahawa, wakifika wanakuta imekwisha. Basi wakaielekeza kamera kwenye mtambo ule na kuiunganisha na kompyuta aina ya Acorn Archimedes. Paul Jardetzky aliandika programu ya kutuma picha, na Quentin Stafford-Fraser akaandika ya kuitazama. Picha yenyewe haikuwa na rangi, ilikuwa na pikseli 128 kwa 128, na ilibadilika mara chache tu kwa dakika. Mwaka 1993 ikawekwa kwenye wavuti na ulimwengu ukaiona, hadi kamera ilipozimwa mwaka 2001.

Wengi wanaosimulia habari hii hukimbilia mwaka 1993. Mimi naomba tubaki kwenye miaka miwili ya mwanzo, wakati picha ilikuwa inapita kwenye mtandao wa ndani wa maabara tu, ikiwafaa waliohusika nayo. Hoja ninayoileta mbele yenu inatoka hapo: nyumbani, kamera iachwe mikononi mwa kompyuta moja, kompyuta nyingine zipewe picha, na picha hiyo isitoke nje ya mtandao wa nyumba.

Bando haliguswi

Nianze na jambo linalowafanya watu wengi waogope kujaribu. Mama aliye sebuleni anataka kumtazama mtoto aliyelala chumbani kwa kutumia kamera ya kompyuta ya mezani iliyoko huko. Akiambiwa inawezekana, swali lake la kwanza ni litatumika bando kiasi gani. Jibu ni kwamba halitumiki kabisa. Kompyuta mbili zilizounganishwa kwenye ruta moja huzungumza kupitia ruta hiyo, na data zao haziendi kwa kampuni ya simu. Hata salio likiwa limekwisha, picha itaendelea kuonekana sebuleni maadamu ruta ina umeme.

Tunapaswa kulifundisha hili kwa uwazi, kwa sababu kutolijua kunawagharimu watu fedha. Kamera nyingi zinazouzwa madukani siku hizi hutuma picha kwenye seva za mtengenezaji, ambazo huenda ziko nchi nyingine, kisha simu ya mwenye nyumba huivuta tena kutoka huko. Picha ya chumba cha pili inasafiri nje ya nchi na kurudi, na mwenye nyumba analipia safari zote mbili. Wakati huo huo, kamera aliyokwisha kuinunua kwa ajili ya mikutano imekaa bila kazi juu ya meza.

Utatambua uko ndani ya nyumba kwa kuangalia anwani. Ruta nyingi za nyumbani hugawa anwani za IP zinazoanza na 192.168, na nyingine huanzia 10. Anwani za namna hiyo zimetengwa kwa matumizi ya ndani, wala hazipitishwi kwenye intaneti.

Kugawa kamera au kugawa picha

Zipo njia mbili, na mafundi wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kuipeleka kamera yenyewe kupitia mtandao, ili kompyuta ya mbali iione kana kwamba imechomekwa kwenye tundu lake la USB. Linux ina uwezo huo kwa jina la usbip, ulioingizwa rasmi kwenye kiini chake toleo la 3.17 mwaka 2014. Kwa printa au diski njia hii ni nzuri. Kwa kamera ina kasoro mbili. Kwanza, kompyuta moja tu ndiyo huishika kamera kwa wakati mmoja; ukiikabidhi kwa kompyuta ya sebuleni, ile ya chumbani inaipoteza. Pili, kamera hutuma data zake kwa ratiba kali ya muda, na waifai haina ratiba. Pakiti zikichelewa kidogo, picha hukatika au kamera hupotea kabisa.

Njia ya pili ni ile ya Cambridge: kompyuta yenye kamera huchukua picha, huibana, na kumpa kila anayeiomba. Hapo kompyuta inakuwa seva. Watazamaji wanaweza kuwa wawili au watano, wa Windows, Linux au simu, na hakuna anayehitaji kiendeshi cha kamera. Naitetea njia hii bila kusita kwa karibu kila nyumba.

Sababu ya kuibana picha inaonekana ukipiga hesabu. Picha ya pikseli 640 kwa 480 ina pikseli 307,200. Katika mpangilio wa kawaida wa kamera hizi kila pikseli huchukua baiti 2, na fremu ni 30 kwa sekunde. Jumla ni baiti milioni 18.4 kwa sekunde, yaani takriban megabiti 147. Waya wa mtandao wa megabiti 100 hauwezi kuubeba mzigo huo. Ukipanda hadi 1920 kwa 1080, unakaribia megabiti 1,000, wakati USB 2.0 ina kikomo cha 480 hata kwenye karatasi. Ndiyo maana kamera nyingi huibana kila fremu kuwa JPEG kabla haijaingia kwenye kompyuta. Mfululizo wa JPEG hizo, uitwao MJPEG, unaweza kutumwa moja kwa moja na kufunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Mbano wa H.264 hupunguza mzigo zaidi sana, ila unaichosha prosesa ya kompyuta ya zamani na mara nyingi huongeza ucheleweshaji. Kwa kumwangalia mtoto, mgonjwa au geti, MJPEG ya fremu 10 kwa sekunde inatosha.

Kazi yenyewe

Kwenye Linux ninapendekeza programu ya Motion. Ukiiwasha hushika kamera, kwa kawaida /dev/video0, na kutoa picha kwenye mlango wa 8081. Hapa mafundi wengi hukwama: kivinjari cha kompyuta ile ile kinaonyesha picha, lakini kompyuta ya pili inakataa. Si hitilafu. Motion huanza ikiwa imefungwa isimhudumie mtu yeyote nje ya kompyuta yake, na ni lazima ufungue mwenyewe kwenye faili la mipangilio, katika mstari wa stream_localhost. Unapoufungua, weka pia jina la mtumiaji na nywila wakati huo huo, usiseme utaweka baadaye.

Kwenye Windows, VLC inatosha kuanzia: unachagua kutiririsha, unachagua kifaa cha kunasa picha, kisha unatoa kwa HTTP. Mtazamaji naye hufungua VLC yake na kuandika anwani ya kompyuta yenye kamera pamoja na mlango. VLC hujiwekea akiba ya sekunde moja kabla ya kuonyesha kitu kinachotoka mtandaoni, na unaweza kuipunguza kwenye mipangilio ukiona picha iko nyuma mno.

Mtu akitaka kuitumia picha hiyo kwenye mkutano wa Zoom katika kompyuta ya pili, hatua moja inaongezeka. Zoom haijui kusoma anwani, inataka kamera. OBS Studio inaipokea picha ya mtandaoni na kuitoa tena kama kamera ya kuigiza. Uwezo huo upo ndani yake tangu mwaka 2020. Kwenye Linux utahitaji pia moduli ya v4l2loopback.

Wasio na kamera ya kompyuta kabisa wana simu za zamani kabatini. Programu ya IP Webcam huigeuza simu ya Android kuwa seva ya picha kwa namna ile ile.

Picha isipoonekana, angalia mambo matatu kabla ya kulaumu programu. Windows ikiuhesabu mtandao kuwa wa umma, fayawoli yake huzuia wanaobisha kutoka nje; utangaze kuwa wa binafsi. Waifai ya wageni kwenye ruta nyingi hutenganisha vifaa visionane. Na anwani ya seva inaweza kuwa imebadilika baada ya umeme kukatika na ruta kuwaka upya, kwa hiyo itengee anwani ya kudumu kwenye ruta.

Jambo moja zaidi kuhusu waifai. Seva na mtazamaji wakiwa wote kwenye waifai, kila fremu hupita hewani mara mbili: kwenda kwenye ruta, kisha kutoka ruta kwenda kwa mtazamaji. Watazamaji wakiwa watatu, seva inatuma nakala tatu. Unganisha seva kwa waya na nusu ya mzigo huo inaondoka hewani. Waya wa mtandao unafika mita 100. Wa USB 2.0 mwisho wake ni mita 5.

Nani mwingine anaona?

Hapa ndipo naomba tuwe makini kuliko kote.

Tunasema mtandao wa nyumbani kana kwamba nyumba ni ya familia moja. Katika nyumba za kupanga za miji yetu, ruta moja mara nyingi inahudumia wapangaji wote wa ua, na nywila ya waifai anaijua hata kijana wa jirani aliyekuja kuangalia mpira. Kila mwenye nywila hiyo yuko ndani ya mtandao wako. Kama seva ya kamera haina nywila yake, anahitaji kuijua anwani tu ili aone chumbani mwako. Nywila ya waifai haiwezi kufanya kazi ya nywila ya kamera.

Kuna wa mbali pia. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera, ruta na vinasa picha vingi duniani kwa kujaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo wengi hawakujua lolote. Kwa hiyo fundi akiombwa "nione nyumbani nikiwa kazini", asifungue mlango kwenye ruta kuelekea kamera. Afunge VPN kama WireGuard, ili anayetaka kuona aingie kwanza ndani ya mtandao kwa ufunguo wake.

Na wapo waliomo kwenye picha. Taa ya kamera huwaka kamera inapotumika, na wengi wamezoea kuitegemea kama onyo. Seva ya picha huishika kamera saa zote, taa inawaka saa zote, na onyo linapoteza maana. Dada wa kazi, bibi aliyekuja kutibiwa, mgeni anayelala sebuleni, wote wana haki ya kuambiwa kamera iko wapi na nani anatazama. Faragha imetajwa katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya, lakini hata kabla ya katiba, mtu hapigwi picha akibadili nguo katika nyumba aliyokaribishwa. Kamera isielekezwe mahali mtu anapolala au kuoga, isipokuwa kwa mtoto mchanga au mgonjwa, na mgonjwa mwenye akili timamu aulizwe.

Ninamwomba kila fundi aliyeko hapa: usiondoke kwa mteja kabla ya kufanya majaribio mawili. Fungua picha kwa kompyuta ya pili bila kuingiza nywila. Kisha zima waifai ya simu yako, washa data, na ujaribu kuifungua kupitia anwani ya nje ya ruta. Picha ikionekana katika jaribio lolote kati ya hayo, kazi haijaisha na usipokee malipo.